Akili mnemba kwa SACCO ndogo: ya kulipia kila mwezi, ya kuweka ofisini, au ya muuzaji?

Chama chetu cha akiba na mikopo (SACCO) kiko Busia ya Uganda, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Kenya. Wanachama ni wauza samaki, mitumba, nafaka na vipuri, pamoja na vijana wa boda boda. Kikao kikianza kwa Lusamia huishia kwa Kiswahili, maana chumba kimoja kina Msamia, Mteso, Mganda na Mgisu. Mimi ni katibu. Tangu mwaka jana viongozi wa vyama vingine vya hapa, na hata vya Tororo na Mbale, wamekuwa wakiniuliza: nyinyi mnatumia akili mnemba gani, na sisi tuchukue ipi?

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kulipia msaidizi wa kampuni kubwa ya ng'ambo, kama vile ChatGPT, Gemini au Claude, unayemfikia kwa intaneti. Ya pili ni kupakua modeli huria, yaani akili mnemba ambayo wenyewe wameruhusu yeyote aichukue, na kuiendesha kwenye kompyuta iliyo ofisini mwako. Ya tatu ni kununua mfumo kamili kwa muuzaji, yaani programu ya kusimamia akiba na mikopo ambayo tayari imetiwa akili mnemba ndani. Wengi huanza kwa kuuliza ipi ina uwezo zaidi. Mimi naanza kwingine. Mwanachama akija dirishani kuuliza kwa nini amenyimwa mkopo, au ni nani mwingine aliyeona deni lake, ni njia ipi itaniwezesha kumjibu ukweli?

Sheria ipo tayari

Uganda bado haina sheria ya akili mnemba peke yake. Rwanda ilipitisha sera yake mwaka 2023, Umoja wa Afrika ukakubali mkakati wa bara zima Julai 2024, na Kenya ikazindua mkakati wake wa 2025 hadi 2030 mwezi Machi 2025. Baadhi ya wenzangu husikia hayo wakadhani kwamba upande wetu wa mpaka kila kitu ni ruksa. Sivyo hata kidogo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 na kanuni zake za 2021, na inaigusa SACCO kuliko inavyogusa duka la kawaida.

Katika sheria hiyo, taarifa za fedha za mtu zimewekwa kundi moja na afya yake, dini yake na msimamo wake wa kisiasa. Zote huitwa data maalumu, na hazichukuliwi wala kutumiwa ovyo. Kwa hiyo daftari letu zima la mikopo, kuanzia ukurasa wa kwanza, ni data maalumu. Chama kinachokusanya data za watu kinapaswa kujiandikisha kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Ukipeleka data nje ya nchi, uwe na hakika kwamba huko inakopelekwa inalindwa kwa kiwango kisichopungua cha kwetu, au uwe na ridhaa ya mwenye data. Mwanachama naye ana haki ya kudai kwamba uamuzi mzito unaomhusu usifanywe na mashine peke yake. Taasisi ikivunja sheria, mahakama inaweza kuitoza hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka.

Na ofisi hiyo haikulala. Julai 2025, baada ya malalamiko ya raia wanne, iliamua kwamba hata Google ilipaswa kujiandikisha, ikaipa siku 30. Kama kampuni ya ukubwa huo haikuachwa, SACCO ya Busia isitegemee udogo wake kuwa kinga.

Orodha ya wadaiwa inakwenda wapi?

Hapa ndipo njia tatu zinapoachana kabisa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka jana kijana wetu wa ofisini, mchapakazi na mwenye nia njema, aliombwa aandike barua za kuwakumbusha wadaiwa. Alichukua orodha nzima yenye majina, namba za kitambulisho cha taifa, simu, na deni la kila mmoja, akaibandika kwenye akaunti yake binafsi ya bure ya msaidizi wa mtandaoni. Barua zilitoka nzuri sana. Nilipomuuliza ile orodha sasa iko wapi, alinyamaza. Nami sikuwa na la kumwambia, kwa sababu hatukuwa tumemwekea kanuni yoyote. Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nikiwaza jina la mama mmoja ambaye hata mumewe hajui kwamba amekopa.

Kwenye njia ya kwanza, jibu la swali lile linategemea aina ya akaunti, na watu wengi hawalijui hili. Akaunti ya mtu binafsi na akaunti ya kampuni hazina masharti sawa, hata kama skrini zake zinafanana. Agosti 2025 Anthropic, wanaotengeneza Claude, walibadilisha masharti ya akaunti za watu binafsi: asiyekataa, mazungumzo yake hutumika kufundishia modeli na kuhifadhiwa hadi miaka 5. Akaunti za kibiashara hazikuguswa na mabadiliko hayo. Mfano mwingine ni wa OpenAI, wenye ChatGPT. Mei 2025, katika kesi iliyofunguliwa na gazeti la New York Times, mahakama ya New York iliwaamuru wahifadhi mazungumzo ya watumiaji wa ChatGPT, hata yale yaliyokuwa yamefutwa, na amri hiyo ikadumu hadi Septemba. Wateja wa Enterprise, mpango wa makampuni, waliachwa nje ya amri, watumiaji wa kawaida hawakuachwa. Fikiria, ndugu mwenyekiti: mtu wa Busia amefuta orodha yake, na jaji wa ng'ambo ameagiza itunzwe, kwa kesi ambayo Busia haina habari nayo. Kampuni haikuvunja sheria kwa kutii amri hiyo. Data ikishavuka, huwa chini ya mamlaka nyingine.

Kwenye njia ya pili, orodha haitoki chumbani. Modeli huria ni faili. Ukishaipakua, unaweza kuchomoa waya wa intaneti na bado ikakuandikia barua. Naona watu wakichanganya mambo hapa, hasa kuhusu modeli za China. DeepSeek, kampuni ya China, ilipotoa modeli yake ya R1 tarehe 20 Januari 2025 kwa leseni huria ya MIT, dunia nzima ilishtuka, na wiki moja baadaye hisa za Nvidia, watengenezaji wa chipu za akili mnemba, zikapoteza karibu dola bilioni 600 za thamani kwa siku moja. Siku chache baada ya hapo mamlaka ya faragha ya Italia ikaizuia programu ya DeepSeek ya simu. Wengi wakahitimisha kwamba modeli yenyewe hupeleka data China. Kinachopeleka data ni programu yao na tovuti yao, kwa sababu seva, yaani kompyuta zinazopokea data, ziko huko. Faili la modeli likiwa kwenye kompyuta yako isiyo na mtandao haliwezi kupeleka chochote popote. Bado unaweza kuwa na shaka na majibu yake kuhusu siasa za China, lakini mikopo ya samaki ni jambo jingine.

Njia ya tatu ndiyo yenye giza kubwa. Muuzaji husema data iko salama kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Wingu la nani? Mifumo mingi ya aina hii haina akili yake yenyewe. Unapobonyeza kitufe, maandishi yako hupita kwa muuzaji, kisha yakaenda kwa kampuni ileile ya njia ya kwanza, yakarudi na nembo ya muuzaji. Si kosa kufanya hivyo, mradi imeandikwa kwenye mkataba na wanachama wameambiwa. Muulize kwa maandishi: modeli ni ya nani, seva ziko nchi gani, na sisi tukiondoka data yetu itafutwa lini. Mmoja niliyemuuliza maswali haya matatu aliahidi kurudi na majibu na sijamwona tena.

Nani aliyesema hapana

Muuzaji mwingine alikuja na mfumo wa kumpima mkopaji kwa alama. Tulimpa maombi 12 ya mikopo ya zamani tukiwa tumefuta majina, tulinganishe alama zake na yale tuliyokwisha kuyaona kwa macho. Ombi moja lilikuwa la mama anayenunua samaki Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na kuwauza Busia, ambaye amekopa kwetu mara tano na kurejesha zote. Mfumo ulimpa alama ya chini kabisa. Nilipouliza sababu, muuzaji alifungua skrini, akasogeza juu na chini, kisha akasema ni uamuzi wa modeli.

Sababu tuliikisia wenyewe. Mama yule hulipwa taslimu ufukweni, pesa zake hupita kidogo sana kwenye simu, na msimu samaki wakipungua kipato chake hushuka kwa miezi miwili. Kamati yetu ya mikopo inajua hayo yote kwa sababu mmoja wao huuza mboga meza ya pili kutoka kwake. Sasa niwazie akija dirishani na kuniuliza, "Mwanangu, ni nani kwenye kamati aliyenipinga?" Nitamtaja nani?

Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya akili mnemba iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, umeweka mifumo ya kupima kama mtu anastahili mkopo kwenye kundi la hatari kubwa, ambalo linadai usimamizi wa binadamu, kumbukumbu na maelezo. Masharti ya kundi hilo yalipangwa kuanza Agosti 2026, na Novemba 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza yasogezwe mbele kwa kuwa viwango vya kusaidia utekelezaji havikuwa tayari. Sheria hiyo haitufungi sisi. Lakini kama nchi zenye mabenki ya karne nyingi zinaona jambo hili ni la hatari, sioni kwa nini sisi tulichukue kama kikokotoo.

Njia ya kwanza na ya pili zina tatizo hilohilo ukizitumia vibaya. Ukimpa msaidizi yeyote taarifa za mkopaji ukamuuliza "apewe au asipewe?", atakujibu kwa ufasaha na sababu zinazosikika vizuri, na hizo sababu si lazima ziwe ndizo zilizomfikisha kwenye jibu. Tofauti ni kwamba kwenye njia hizo mbili wewe ndiye unayeuliza, kwa hiyo unaweza kuamua kutouliza. Kwenye mfumo wa muuzaji alama imeshawekwa juu ya fomu kabla kamati haijakaa, na watu watano waliochoka saa kumi na moja jioni hawabishani na namba nyekundu.

Lugha

Kwa barua ya Kiswahili, wasaidizi wakubwa wa ng'ambo wako mbele. Kiingereza chao hakina mfano, Kiswahili chao ni kizuri ingawa wakati mwingine hunuka vitabu. Kwa Luganda, Ateso au Lugbara mambo hubadilika, na hapo ndipo Kampala imefanya kazi ya kujivunia. Sunbird AI, shirika lisilo la faida, kwanza lilikusanya na kutoa bure sentensi za tafsiri za Luganda, Runyankole, Acholi, Ateso na Lugbara. Mwaka 2025 likatoa modeli zinazoitwa Sunflower, za ukubwa wa parameta (namba za ndani ambazo modeli hujifunza) bilioni 14 na bilioni 32, zilizofundishwa lugha 31 za Uganda. Zimejengwa juu ya Qwen 3, modeli huria ya Alibaba ya China. Tazama safari hiyo: msingi wa China, mafunzo ya Kampala, matumizi ya Busia, na hakuna aliyelazimika kumwomba mwingine ruhusa. Hilo haliwezekani kwa modeli iliyofungwa.

Mwanachama akisomewa masharti ya mkopo kwa lugha aliyonyonya nayo, huuliza maswali ambayo kwa Kiingereza asingeuliza. Kwangu hili lina uzito kuliko mashindano yote ya alama za majaribio.

Pesa, umeme na mtandao

Akaunti ya ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi. Dola ikiwa shilingi 3,500, hiyo ni 70,000 kwa mwezi na 840,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na makato ya benki. Watumishi wanne ni 3,360,000. Juu yake weka bando, ambalo tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12. Shilingi ikianguka, bei yako hupanda bila mtu kukuarifu.

Njia ya pili hulipwa kwa mkupuo. Modeli ya parameta bilioni 14 ikibanwa ili ipungue ukubwa huchukua takriban gigabaiti 9, kwa hiyo inataka kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki ya gigabaiti 12 au 16. OpenAI nao Agosti 2025 walitoa modeli huria, gpt-oss, ambayo ile ndogo inaingia kwenye kumbukumbu ya gigabaiti 16. Mashine ya namna hiyo ni milioni kadhaa za shilingi, na ukiongeza inverta na betri inapanda tena. Bila betri usijaribu. UEDCL, kampuni ya serikali, wamechukua usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni ya Umeme tangu Aprili 2025, na Busia giza bado ni mgeni wa kila wiki. Pia unahitaji mtu. Sisi tuna binti mmoja aliyesomea kompyuta Mbale, anakuja Jumamosi mbili kwa mwezi. Kama hamna mtu wa namna hiyo, mashine itakuwa kabati la gharama kubwa, na nawaambia hivyo wazi wote wanaoniuliza.

Jambo la mtandao nalipa uzito kwa sababu niliishi Januari 2021. Mkesha wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku kama tano, na Facebook ikabaki imefungwa. Ofisi inayotegemea njia ya kwanza au ya tatu siku hizo hufunga mlango. Kompyuta yenye modeli ndani ingeendelea kuandika stakabadhi.

Kuna pia suala la kubadilishiwa chombo ukiwa unakitumia. OpenAI walipozindua GPT-5 tarehe 7 Agosti 2025 waliiondoa GPT-4o, modeli yao ya awali, kwa watumiaji wa ChatGPT kwa ghafla, watu wakalalamika, na baada ya siku chache ikarudishwa kwa wanaolipa. Wao ndio wenye mali na wana haki. Lakini kama umefundisha ofisi yako kuandika taarifa kwa namna fulani, asubuhi moja utaamka na mwandishi mwingine. Faili lililo kwenye diski yako halibadiliki mpaka wewe ulibadilishe. Soma tu leseni yake: Qwen 3 na gpt-oss ziko chini ya leseni ya Apache 2.0, inayoruhusu matumizi mengi sana, ilhali Llama ya Meta ina leseni yake yenyewe yenye masharti zaidi.

Ningechagua hivi

Chama chenye wanachama chini ya mia, bila mtu wa kompyuta: chukua akaunti moja ya njia ya kwanza, iwe ya chama na si ya mtumishi, na uitumie kwa kazi zisizo na jina la mtu, kama kumbukumbu za mkutano, tangazo, rasimu ya sheria ndogo, barua kwa wilaya. Barua ya wadaiwa iandikwe mara moja ikiwa na nafasi wazi za jina na deni, kisha mjaze kwa mkono. Hiyo ingemwokoa kijana wetu.

Chama chenye mamia ya wanachama, umeme wa akiba na kijana anayeweza kusimamia mashine: njia ya pili, kwa kila kitu kinachogusa daftari. Ni polepole kidogo na majibu yake si ya kifahari. Hata hivyo ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu ambapo nikiulizwa "nani mwingine ameona?" naweza kuonyesha kidole kompyuta iliyo pembeni na kusema hakuna.

Njia ya tatu siikatai. Mfumo mzuri wa kusimamia akiba huokoa muda mwingi wa kuandika kwa mkono, na vyama vikubwa haviwezi kuishi bila huo. Nunua programu, kisha taka kile kipimo cha alama kizimwe, na iandikwe kwenye mkataba kwamba kimezimwa. Muuzaji akisema hakizimiki, muage kwa heshima.

Sisi tumechukua ya pili kwa daftari na ya kwanza kwa barua za kawaida. Fomu yetu ya mkopo ina mstari mpya chini, kwa Kiswahili, Lusamia na Ateso: majina ya wanakamati waliokaa kujadili ombi hili, na sahihi ya kila mmoja, awe amekubali au amekataa. Mama wa Majanji ameomba tena mwezi uliopita. Kwenye fomu yake kuna sahihi tano.